Buri Chini ya Maboga

Mashua ya mumewe ilipoingia bandarini imezama hadi karibu na ukingo kwa uzito, Kinue Tsurumaki alijua Mungu wa bahari amewakumbuka. Alikaza kamba ya aproni yake ya mpira, akakinoa kisu chake mara mbili kwa madaha, akasimama gatini kama bibi harusi anayesubiri kuitwa.

Masanobu, mumewe, alikuwa mtu wa maneno machache. Aliinua vidole vitatu.

"Tani tatu!" Kinue akapiga kelele.

Masanobu akatikisa kichwa.

"Kreti tatu?"

"Watatu," akasema Masanobu. "Samoni watatu."

"Mashua inataka kuzama, halafu unaniambia watatu?"

"Samoni ndio watatu. Hawa wengine ni wale… wageni."

Takuto, mtoto wao, alikuwa nyuma ya baba yake akijifanya anakunja kamba huku mabega yakimcheza kwa kicheko. Kinue alimtupia jicho, mabega yakatulia. Kisha akainama kuchungulia. Mashua nzima ilikuwa imejaa buri, samaki wa maji ya joto: majitu manene ya mgongo wa buluu na mstari wa manjano ubavuni, kila mmoja ukubwa wa mto wa kulalia. Walikuwa wamelala pale wakimkodolea macho, kama abiria walioshuka kituo kisicho chao na wala hawana haya.

"Wamekuja tena?"

"Safari hii wamekuja na ukoo mzima," akasema Masanobu, na kwa siku ile maneno yake yakawa yameisha.

Mji wa Oshunnai, pwani ya mashariki ya Hokkaido, ulikuwa mji wa samoni. Samoni alichorwa kwenye beji ya shule, kwenye mifuniko ya mitaro, hata kwenye keki walizouza stesheni. Na kila mwaka, Jumapili ya pili ya Oktoba, watu walikuja kutoka miji jirani kwa ajili ya Tamasha la Samoni, na waliposema wanakuja tamashani walimaanisha wanakuja kwenye bamba la Kinue. Lilikuwa bamba la chuma la urefu wa mita tatu. Juu yake alilaza minofu ya samoni, akaizungushia kabichi, vitunguu na uyoga, akaimwagia miso, ule uji mzito wa soya wenye chumvi, iliyokorogwa kwa sake, pombe ya mchele, na sukari, akatupia siagi, kisha akaanza kugonga bamba kwa makoleo mawili, chan-chan-chan, mpaka mji mzima ukatokwa na mate. Ishirini na miwili ilikuwa miaka yake kama mwenyekiti wa akina mama wa ushirika wa wavuvi, na katika miaka yote hiyo hakuna aliyethubutu kumwambia aongeze au apunguze chumvi.

Sasa zilibaki wiki tatu, na samoni walikuwa watatu.

Mkutano uliitishwa jioni ileile katika ukumbi wa ushirika. Bwana Hirokane, mkuu wa ushirika, alisimama na tabasamu la mtu aliyebeba dawa mfukoni.

"Jamani, msihangaike. Nimepiga simu. Tunaweza kuletewa samoni wa kufugwa, wamegandishwa vizuri kabisa, kutoka upande wa pili wa dunia. Wiki moja tu."

Toshie, jirani yake Kinue, mwanamke ambaye ulimi wake haukuwahi kupata likizo, akanyoosha mkono.

"Na kwenye bango tuandike nini? Karibuni mle samoni wetu aliyekuja kwa meli?"

"Samoni ni samoni, Bi Toshie."

"Kumbe!" Kinue akadakia. "Basi na mke ni mke. Kesho nakuletea mke wa mtu mwingine akupikie supu, uinywe na usiulize jina."

Akina mama walicheka mpaka mmoja akadondosha kikombe. Bwana Hirokane, ambaye mkewe alikuwa mstari wa mbele akicheka kuliko wote, aliketi.

Mizuho, mke wa Takuto, alikuwa amekaa karibu na mlango na koti lake la kazi. Alifanya kazi kwenye kituo cha kutotolea samoni kule juu mtoni, na kila asubuhi alishuka hadi baharini kutumbukiza kipimajoto chake. Kinue alipenda kuwaambia watu kwamba mkwewe ameajiriwa kuipima bahari homa.

"Leo mlango wa mto ulikuwa nyuzi kumi na tisa," Mizuho akasema kwa sauti yake ndogo. "Wakati huu wa mwaka maji yangekuwa yameshapoa. Samoni wanatoka kwenye maji ya baridi. Wakifika karibu na pwani wanakutana na joto, wanabaki hukohuko vilindini. Buri yeye anapenda joto. Linavyosogea kaskazini, naye anasogea."

"Basi hao samoni waambie wavue makoti waingie," akasema Kinue.

"Walioko nje ni wachache pia, Mama. Hawa wa mwaka huu tuliwaachia mtoni wakiwa vifaranga miaka minne iliyopita. Kifaranga akitoka mtoni anahitaji wiki kadhaa za maji baridi karibu na pwani, ale ashibe, ndipo asafiri. Mwaka ule joto lilipanda mapema. Waliondoka na njaa. Na wale wadudu wadogo ambao samoni huwala baharini nao wamebadilika, wamekuwa wembamba, hawana mafuta. Wengi hawakufika mbali."

Ndipo mtu mmoja nyuma akaropoka: kwani wasipike hao buri?

"Kwenye bamba langu?" Kinue akageuka. "Buri? Subirini nife kwanza. Na hata nikifa nitainuka."

Mizuho aliangalia chini, kwenye viatu vyake. Kinue aliliona hilo, na kitu kidogo kikamchoma kifuani, kwa sababu Mizuho alitoka Himi, mkoa wa Toyama, na kule buri ndiye mfalme wa samaki.

Lakini kilichomchoma hasa kilikuwa kingine, ambacho hakuna aliyekijua, hata Masanobu.

Tangu Mizuho aolewe, miaka sita sasa, kila Desemba wazazi wake walituma buri mzima kutoka Himi, amelazwa kwenye sanduku la barafu, amefungwa utepe mwekundu. Ndiyo desturi yao: nyumba ya binti inaipelekea nyumba ya mume buri wa majira ya baridi, ili mkwe wao wa kiume apande cheo, kama buri anavyobadilishiwa jina kila akikua. Kinue alikuwa akipiga simu kushukuru kwa maneno matamu sana. Alisifu nyama, akasifu mafuta, mara moja alisifu hata mkia. Kisha alimbeba yule samaki hadi bandani nyuma ya nyumba, mahali ambapo kwa baridi ya Hokkaido hapahitajiki friji, akamfunika kwa gunia. Kwa mtoto na mkwe, waliokaa kwenye nyumba yao karibu na kituo, alisema amemgawa vipande kwa majirani, ndivyo heshima inavyotaka. Na ardhi ilipolainika Aprili, alichukua jembe akamzika kwenye shamba la maboga.

Hakuwa na ubaya. Hakujua tu afanye nini na samaki yule. Mwaka wa kwanza alikata kipande akakichoma kama samoni, kikatoa moshi na harufu ya mafuta, akaona aibu kukiweka mezani. Kutupa zawadi ni dhambi. Kuzika, aliona, si kutupa. Na maboga yake, tangu mwaka ule, yakawa gumzo la mtaa mzima: mazito, matamu, ya rangi ya dhahabu ndani. Toshie alikuwa amemsihi mara nyingi amwambie siri ya mbolea yake.

Jumamosi iliyofuata Mizuho alikuja kumsaidia kuvuna. Kulikuwa na jua zuri na Kinue alikuwa amesahau kila kitu isipokuwa mgongo wake. Boga moja kubwa lilikataa kutoka, mizizi imeshika kitu chini, na Mizuho akachukua jembe.

"Liache hilo, mwanangu, nitalitoa mwenyewe!"

Alichelewa. Jembe liligonga kitu, ko! Mizuho akainama, akapangusa udongo, akainua mfupa mrefu uliopinda, wenye safu ya meno madogo. Aliugeuza. Aliutazama kwa jicho la mtu aliyesomea mifupa ya samaki miaka minne chuo kikuu.

"Mama," akasema. "Hili ni taya la buri."

"Kwani huku hakuna paka?"

"Paka gani anaweza kubeba buri wa kilo kumi?"

Kinue akajifanya anapangusa boga.

Mizuho akachimba tena kidogo. Likatoka taya la pili. Kisha, kutoka kwenye udongo ule mweusi wenye rutuba, ukatokea utepe mwekundu, umechakaa lakini bado umefungwa fundo zuri la kwao Himi.

Kinue alikaa juu ya boga. Alijiandaa kwa machozi, kwa lawama, kwa Takuto kuja kusimama mlangoni na uso wa baba yake. Alichosikia kilikuwa sauti kama ya kuku anayekabwa. Alipoinua macho, Mizuho alikuwa amejiziba mdomo kwa glavu yenye matope, machozi yakimtoka, na alikuwa anacheka. Alicheka mpaka akaanguka matakoni kati ya majani ya maboga.

"Wote sita?"

"Watano wazima," akasema Kinue kwa unyonge. "Wa kwanza nilimwonja mkia kabla ya kumzika."

"Mama, unajua kule kwetu nusu ya samaki inatakiwa irudishwe? Nyumba ya mume inakata nusu, inairudisha kwa mama wa binti. Kila mwaka mama yangu anasubiri. Kila mwaka hakuna kitu. Anamwambia baba, 'Wale watu wa kaskazini wanakula jamani! Samaki mzima! Na mwaka huu tuma mkubwa zaidi, wasije wakalala njaa.'"

Kinue aliufunika uso kwa viganja vyote viwili. Miaka sita, mwanamke mmoja kule Toyama alikuwa akimhesabu kuwa mlafi, na bado akimwongezea.

"Nifanyeje?" akauliza kutoka nyuma ya viganja.

Mizuho alisimama, akajipangusa suruali. "Utakula," akasema. "Leo."

Jioni hiyo jiko la Kinue lilikuwa na mpishi mwingine, jambo ambalo halikuwahi kutokea. Mizuho alileta kichwa na mashavu ya buri kutoka kwenye mashua ya baba mkwe, akayamwagia maji ya moto, akayaosha damu na magamba, akayabandika pamoja na mapande manene ya figili nyeupe, sosi ya soya, sake, sukari na tangawizi. Hakugusa siagi. Kinue alisimama pembeni mikono kifuani, akisahihisha kwa macho. Sufuria ikachemka polepole mpaka figili zikawa na rangi ya asali.

Masanobu alikula mabakuli mawili, akasema, "Hm," na kwa Masanobu hiyo ilikuwa hotuba.

Kinue alikula polepole, akitafuta kasoro. Nyama ilikuwa laini. Figili ilikuwa imemeza mafuta yote ya samaki na kuyageuza kitu kingine kabisa. Aliitafuta kasoro mpaka bakuli likaisha.

"Si mbaya," akasema. Kisha akainuka kwenda jikoni kuhakikisha kama chumvi imekolea. Alihakikisha kwa muda mrefu. Mizuho aliporudisha vyombo alimkuta amesimama mbele ya sufuria, kijiko mdomoni.

"Bado sijaelewa vizuri hiyo chumvi," Kinue akasema.

Asubuhi yake alipiga simu Himi mwenyewe. Alikuwa amepiga magoti mbele ya simu bila kukusudia. Shizuyo, mama yake Mizuho, alipokea kwa furaha, na Kinue akasema yote kwa pumzi moja, banda, gunia, jembe, maboga, kabla ujasiri haujamtoroka.



"Mama Takuto," Shizuyo akasema, "hayo maboga yalikuwa matamu?"

"Matamu sana."

"Na hukunitumia hata moja!"

Kinue hakujua acheke au alie. Shizuyo aliendelea, na sasa sauti yake ilikuwa na mchezo na unyonge vimechanganyika. "Nilikuwa nikifikiria nitakuambiaje, maana mwaka huu sidhani kama nitakutumia kitu. Huku hatuwapati. Mwaka jana walikuwa wachache, wembamba. Wavuvi wetu wanakaa bandarini wanacheza karata. Wanasema buri wakienda huko kwenu siku hizi hawana haraka ya kurudi, wanapaona panafaa. Ninyi watu! Mlikataa kurudisha nusu ya samaki, sasa mmechukua bahari nzima!"

"Mama Mizuho, wallahi sikuwaita!"

"Warudishie basi nauli."

Wanawake wawili walicheka kwenye simu mpaka Masanobu akaja kuchungulia kuna nini. Mchana ule sanduku la barafu lilipakiwa kwenye gari la mizigo lenye friji kwenda kusini: buri mzima wa kilo kumi na moja, na maboga mawili.

Kwenye mkutano wa pili Kinue alisimama kabla Bwana Hirokane hajakohoa.

"Samoni wa kugandishwa hatununui. Samoni wetu wachache watakaoingia kwenye nyavu hatuwapiki. Wapelekwe kituoni kwa Mizuho wakiwa hai, wakamuliwe mayai. Bambani tutaweka buri."

"Si ulisema mpaka ufe?" Toshie akauliza.

"Nilikufa Jumamosi, kwenye shamba la maboga. Huyu ni mwingine."

Toshie alimtazama kwa mashaka, akaona hapo pana habari, na akaapa kimoyomoyo kuitafuta. Wazo likapita, ingawa wavuvi wawili walinung'unika. Bango la tamasha lilibaki vilevile, kwa sababu hakuna aliyekubali kulifuta jina la samoni, wala aliyetaka kudanganya wageni. Mwishowe mwalimu wa shule aliongeza maneno kwa brashi ndogo chini yake: "Mwenyewe hayupo, anakaimiwa na buri."

Siku yenyewe watu walijaa. Mizuho alikuwa kwenye sufuria zake za figili. Kinue alikuwa kwenye bamba, kwa sababu kukubali buri ni jambo moja, na kuacha bamba ni jambo jingine.

"Mama, siagi usitie," Mizuho alimwambia kwa upole. "Buri ana mafuta ya kutosha."

"Nimepika hapa tangu wewe unanyonya," akasema Kinue, akatupia siagi.

Mafuta ya buri yalikutana na siagi, vyote viwili vikatiririka hadi ukingoni, vikadondokea kwenye moto. Mwali ulipanda juu kama mtu aliyeitwa jina. Watu wakapiga kelele, ukingo wa bango ukaungua, na nyusi za Bwana Hirokane, aliyekuwa amesogea kuonja, zikapungua. Zimamoto wa kujitolea, ambao kwa miaka kumi na mmoja walikuwa wakikaa kila tamasha kwenye benchi wakinywa bia bila kazi, walikurupuka kwa furaha isiyofichika. Waliuzima moto, wakazima na kabichi, wakamzima na mzee mmoja aliyekuwa akipita na kipeperushi.

Kinue alisimama mbele ya bamba lake lililolowa, nywele zimemganda usoni. Hakuna aliyethubutu kucheka. Ndipo akacheka yeye, kwa sauti, na umati wote ukamfuata. Alilikausha bamba, akawasha upya moto mdogo, akalaza minofu mingine. Bila kumtazama mkwewe, alilisukuma bakuli la siagi kwa kiwiko mpaka likafika mikononi mwa Mizuho. Kisha akaanza kugonga, chan-chan-chan.

Wa kwanza kwenye foleni alikuwa Babu Kurosaka, miaka themanini na minane, mvuvi tangu enzi za makasia. Alitafuna akiwa amefumba macho. Wote wakamngoja.

"Huyu siye," akasema.

Akanyoosha sahani tena. Kinue akamwekea. Babu akatafuna.

"Bado siye."

Akanyoosha mara ya tatu. Watu walikuwa wameanza kucheka, lakini mzee alipomaliza alimtazama Kinue kwa macho yenye maji, na labda ulikuwa moshi.

"Ni mtamu, mwanangu. Usinielewe vibaya. Mtamu sana. Lakini siye."

"Najua, Babu," akasema Kinue. "Najua." Na akamwongezea kabichi.

Bamba lilikuwa tupu kabla ya saa nane mchana, na sufuria za figili zilikombwa kwa mkate.

Katikati ya Novemba, theluji ya kwanza ikiwa imeanguka, Kinue alipanda hadi kituoni kwa mguu. Hakuwa amefika pale tangu kijengwe. Mizuho alimpa mabuti ya mpira, akamwingiza kwenye chumba cha baridi chenye mwanga hafifu, maji yakitiririka juu ya trei. Ndani ya trei mayai yalilala maelfu kwa maelfu, ya rangi ya machungwa, na ndani ya kila yai kulikuwa na vidoa viwili vyeusi.

"Ni nini hivyo?"

"Macho."

Kinue alirudi hatua moja. Maisha yake yote alikuwa ameyala mayai haya juu ya wali, na hakuwahi kutazamwa nayo.

"Ni nusu ya trei za kawaida," Mizuho akasema. "Mwaka huu tutawalisha zaidi, tutawaachia mapema kidogo, wawahi maji baridi wakiwa wakubwa."

"Halafu watarudi?"

"Baadhi. Tukibahatika. Baada ya miaka minne."

"Nitakuwa na sabini."

"Utakuwa bado unatia siagi."

Kinue akakunja mikono ya koti lake.

"Nipe kazi. Sikupanda mlima wote huu kuja kukodolewa macho."

Mizuho alimpa kibanio kidogo na kumwonyesha: mayai yaliyogeuka meupe yamekufa, yatolewe kabla hayajaambukiza mengine ukungu. Kinue aliinama juu ya trei. Alilalamikia mgongo, akalalamikia taa, akauliza kama vituo vingine navyo havina viti. Na alichambua mpaka saa ya chakula cha mchana, moja moja, na kila alipotoa jeupe aliyatazama yaliyobaki kwa jicho la onyo.